Wa Nyumba Haachi Unyayo

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, Mathilde alifunga mlango wa nyumba yake, akachota pumba laini za mpunga kwenye kikapu na kuzinyunyiza mbele ya kizingiti, kama mtu anayewapa kuku chakula. Hakuwa na kuku. Alizisawazisha kwa kiganja mpaka zikalala vizuri, akazitazama mara ya mwisho, ndipo akajitwika mchele wake na kuondoka. Jioni, kabla hajagusa kufuli, alichuchumaa kwanza akazisoma. Mguu wa mbuzi aliujua, mguu wa bata aliujua. Mguu wa mtu ndio aliokuwa akiungoja, na kwa miaka mingi haukuja. Mwingine angeshukuru. Mathilde alianza kushuku kwamba mtu huyo ni mjanja kupita kiasi.

Sokoni Kasongo walimwita Mama Kontrole, naye hakulikataa jina. Ukinunua mchele kwake, noti yako aliinyanyua juani, akaikunja, akainusa. Ukimsalimia kwa uchangamfu, alikuuliza unataka nini. Padri akihubiri upendo, macho ya Mathilde yalikuwa kwa aliyeketi karibu na kapu la sadaka. Watu walimcheka sana. Lakini hao waliocheka walikuwa wameibiwa wote, huyu kopo la pesa, yule mume, na Mama Kontrole alikuwa hajaibiwa hata punje.

Basi Mungu, ambaye kazi zake hazina mshauri, akaona mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuletewa mtoto wa kulea.

Mtoto aliitwa Esther-Divine. Umri wake ulikuwa miaka kumi na mitano, na mama yake, Francine, alikuwa mdogo wa Mathilde wa tumbo moja. Francine aliishi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akiwapikia wachimbaji. Siku watu wenye bunduki walipoingia, kila mtu alikimbilia porini, na Francine hakuonekana tena. Binti alifuatana na wakimbizi mpaka Wamaza. Huko alipandishwa pikipiki ya Hervé, kijana wa Kasongo aliyeizoea njia ile, akashushwa mbele ya mlango wa mama yake mkubwa akiwa na sandali za plastiki miguuni na kitu kingine hana.

Mathilde alimlilia mdogo wake mpaka sauti ikamkauka. Alipomaliza kulia, alimtazama yule mtoto, na swali likamwingia: huyu alitokaje, na mama yake asitoke?

Aliona aibu kulitamka. Akalinyamazia, nalo likaota mizizi.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alikuwa na kamba pamoja na kigingi chake. Hakuongea mpaka aulizwe. Alilala na sandali miguuni. Ukimpa muhogo alikula nusu, na nusu nyingine haikuonekana ilikokwenda. Mtu akipiga hodi, Esther-Divine alikuwa tayari amekwisha kusimama. Shuleni, mwalimu alisema anaandika vizuri, ila hakubali kuketi popote isipokuwa karibu na mlango. Mathilde aliyakusanya mambo hayo yote kichwani kama mtu anayeokota kuni: moja moja, akijua moto utakuja.

Baada ya kujishauri sana alimpa binti ufunguo wa pili, kwa kuwa yeye masomo yalimalizika kabla ya soko. Siku hiyo alirudi jioni, akachuchumaa, akakuta pumba zimelala vilevile alivyoziacha. Akadhani mtoto hajafika. Kumbe ndani kulinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na Esther-Divine alikuwa akipakua chungu alichokitoa kwenye kibanda cha jiko uani.

"Esther, weye uliingia saa ngapi?"

"Nilitoka masomo, mama mukubwa, nikaingia."

"Uliingia kwa mulango?"

"Ndiyo. Kwa mulango."

Alijibu bila kupepesa. Kesho yake Mathilde alizimwaga pumba nyingi zaidi, upana wa mkeka. Jioni, safi. Kesho kutwa, safi. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na dirisha lilikuwa na vyuma. Kasongo nzima, Waislamu kwa Wakristo, inajua jina la watu wanaoingia nyumbani bila kuacha mguu, na hakuna anayelitaja jina hilo akiwa peke yake.

Desturi ya pumba Mathilde hakuiokota njiani. Alikuwa na miaka kumi na minne vita vilipofika kwao, na baba yao akawahamishia porini, kwenye kibanda cha majani. Kila jioni baba alizungushia kibanda majivu, ili asubuhi wajue nani kapita. Asubuhi moja Mathilde aliamka wa kwanza, akaona kwenye majivu alama ya kiatu cha buti, kipana, kimeelekea mlangoni. Siku hiyo hiyo alichukuliwa kaka yao, na hakurudi mpaka leo. Tangu asubuhi ile kichwa cha Mathilde kiliweka mlinzi langoni. Vita viliisha, wakarudi kijijini, akaolewa, akafiwa na mume, akahamia mjini na biashara yake ya mchele, lakini hakuna aliyemwambia mlinzi yule kwamba sasa anaweza kwenda kulala. Francine alikuwa na miaka saba tu wakati ule wa porini, na ukubwani aliyasimulia yale maisha akicheka, kana kwamba yalikuwa michezo mitupu. Mathilde alimshangaa na kumwonea wivu. Tumbo moja, pori moja, na kila mmoja alitoka na lake.

Kisha vitu vikaanza kupotea.

Kwanza kilipotea kitenge chake cha zamani, kile cha kujifunga nyumbani, chenye doa la mawese. Mathilde alikitafuta, akajiambia labda upepo ulikianua kambani. Zikafuata sandali zake za akiba. Alipomwuliza binti, binti alitazama chini na kusema hajui, na ilikuwa wazi kwamba anajua. Halafu Jumapili moja, alipofunua kopo la maziwa alimofichia kadi yake ya uchaguzi, akakuta kopo liko pale pale na kadi haimo.

Nani huiba kadi ya uchaguzi? Hailiki wala haiuzwi sokoni. Ni karatasi ngumu yenye jina lako na uso wako, na kazi yake ni kuonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, ili mwenye bunduki akubali kwamba wewe ni mtu na una kwenu. Bila hiyo hutoki Kasongo. Mathilde aliketi kitandani na kopo tupu mapajani.

Jirani yake alikuwa Hawa, mwuza maandazi, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua dhahabu Salamabila. Hawa alikuwa mtu mwema aliyependa habari kuliko chakula. Mathilde alimweleza yote: pumba zisizokanyagwa, nusu za muhogo, kitenge, sandali, kadi. Hawa aliacha kukanda, unga ukiwa bado vidoleni.

"Karte iko na picha yako?"

"Si karte? Iko na picha."

"Na ile kitenge ulikuwa unavaa? Iko na jasho yako?"

"Ya kila siku."

Hawa akajipangusa mikono polepole. "Marehemu wangu alinielezaka. Kule kwa dhahabu, shimo ikikataa, wanatoa mutu. Lakini si mutu ya njiani. Ni mutu ya damu yako, mwenye anakulisha. Wanakamata picha yake, nguo yenye jasho yake, na kiatu yenye mguu wake. Vile vitatu vikikutana, yule mutu anaanza kukauka, na dhahabu inatoka." Akalivuta karai lake la maandazi. "Miye sisemi ni mutoto wako."

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kusema.

Mathilde alirudi nyumbani akijipima mkono. Kweli, bangili ilikuwa imelegea. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye kumla alikuwa jikoni, akimpikia. Jioni ile alikula wa pili, baada ya kumwona mtoto amemeza. Alimtazama akitafuna, akamwona ana kidevu cha Francine, na moyo ukamchoma. Kisha akajiuliza kama kidevu kile si ndicho mtego wenyewe.

Katika siku hizo alikuja Laura. Huyu alikuwa mwanamke kijana wa nyumba ya kusikiliza, mahali ambapo vijana waliotoka vitani hukusanyika baada ya masomo, wanacheza, wanachora, anaongea atakaye. Esther-Divine alikuwa akienda huko, na Mathilde alikuwa amemruhusu kwa sababu tu palikuwa na uzio. Laura aliketi kwenye kigoda, akakubali maji, akasifu mchele. Mathilde alingoja aseme anataka nini.

"Mama, mutoto yako ni mutu ya nguvu," Laura alisema. "Lakini ninyi wakubwa mujue kitu moja. Bongo ya kijana ingali inajengwa. Upande wa woga unakomaa mbele. Ule wa kupima mambo polepole unakawia, mupaka mutu anapita miaka makumi mbili. Sasa mutoto akipita katika vita, ule upande wa woga unazoea kukesha. Anasikia hatari hata pale haiko. Si ubaya, si ukaidi. Bongo inamulinda."

Maneno hayo yalimpita Mathilde karibu sana, akasogeza kigoda.

"Habari muzuri ni hii," Laura akaendelea. "Kwa hii miaka yake, kichwa ingali wazi. Inapokea."

"Wazi?"

"Wazi, mama. Kila kitu kinaingia. Mubaya na muzuri."

"Na mwenye kuingiza ni nani?"

"Ni sisi wenye tunakaa naye. Mutu mumoja tu asiyemuacha, hiyo inatosha kuanza." Kisha, akisimama, Laura alisema jambo ambalo Mathilde angepaswa kulishika kuliko yote. "Usimuulize amefanya nini. Umuulize anaogopa nini."

"Na weye," Mathilde akamwuliza, "unalipwa na nani kwa kuja hapa?"

Laura akacheka, akaaga. Angejua neno lake moja limefanya kazi gani, asingecheka. Kwa maana kati ya yote aliyoyasema, Mathilde alibaki na lile la kichwa wazi. Alilipeleka kwa Hawa likiwa bado moto, na Hawa akajipiga paja. Kichwa wazi! Mlango uliokosa komeo! Na wao wenyewe wa nyumba ya kusikiliza wamekiri kwa kinywa chao! Hivi ndivyo neno jema lilivyotoka kwenye kigoda cha Mathilde likiwa dawa, na kufika kwenye karai la Hawa likiwa sumu.

Mathilde akakata shauri. Hakutaka kumpeleka mtoto kwa wale manabii wa vyumba vya maombi, wanaowafungia watoto bila chakula mpaka wakiri. Hilo hapana, damu ni damu. Angemrudisha tu Salamabila. Kulikuwa na ndugu wa upande wa baba yake huko, au walikuwapo zamani. Alimwendea Hervé, wakaafikiana aje Jumamosi na pikipiki yake.

"Lakini mama, kule hakujatulia bado," Hervé alisema.

"Kwao ni kwao."

"Na mutoto anajua?"

"Atajua akipanda."

Usidhani alilala vizuri. Alijua njia ile ina nini. Alijua msichana wa miaka kumi na mitano akiwa peke yake machimboni anangojwa na nini, na kila alipolijua alilifunika. Alimwogopa mtoto, na alijiogopa mwenyewe kwa kumwogopa. Lakini mkono ulikuwa umekonda, kadi ilikuwa haipo, pumba zilikuwa safi.

Jumamosi ilipofika, Mathilde hakwenda sokoni. Alimtuma Esther-Divine kisimani ili pikipiki ifike mtoto hayupo, naye akaketi mlangoni kupepeta mchele. Pumba zilimwagika kizingitini, na kwa jinsi alivyokuwa hana raha, alizikanyaga mwenyewe mara nyingi akiingia na kutoka bila sababu. Hervé alifika, akazima injini, akaanza kukaza mpira wa kufungia mizigo. Aliuliza mzigo wa mtoto uko wapi. Mathilde akasema hana mzigo.

Ndipo mlio ukapasuka upande wa soko.

Ulikuwa mkubwa, wa kupiga kifua. Sekunde chache kimya, halafu wa pili. Kisha ikasikika ile sauti ambayo mtu wa Maniema haisahau, sauti ya soko zima likitupa vitu chini na kukimbia. Akina mama walipita na watoto mgongoni. Hawa alipita bila kitambaa cha kichwa. Hervé, kijana hodari wa njia zote, aliwasha pikipiki kwa teke moja na kutoweka bila kusema kwaheri.

Mathilde hakukimbia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini wapo ambao wakishtuka hugeuka gogo. Alisimama na ungo mkononi, ana miaka kumi na minne, anaangalia alama ya kiatu kwenye majivu. Halafu wazo moja likamjia: kadi. Kwenye vizuizi wataomba kadi. Akaingia ndani, akalipindua lile kopo la maziwa ambalo alijua ni tupu. Akapindua gunia. Akaung'oa mto, akalirudia kopo tena, akalikung'uta kama mtu aliyerukwa na akili. Nje watu walikuwa wakipungua.

Akasikia miguu ikija. Haikuwa ikikimbia kwenda mbali, ilikuwa ikija. Alipogeuka alimwona Esther-Divine akitokea kwenye kibanda cha jiko na furushi kifuani, anakimbia mbio zote kuelekea mlangoni. Na pale kwenye kizingiti, pamoja na haraka zile, pamoja na kifo kilichokuwa nyuma yake, mtoto alikusanya miguu kama mwanambuzi, akaziruka pumba, akatua ndani. Mathilde aliona kwa macho yake mawili. Hakupaa. Aliruka.

"Mama mukubwa, toka! Unatafuta nini?"

"Karte! Karte yangu!"

"Iko hapa! Yote iko hapa. Usirudie kitu. Usirudie, nakuomba, twende!"

Akamkamata mkono kwa nguvu ambayo Mathilde hakudhani ingeweza kukaa katika mwili mwembamba vile. Wakatoka, wakazunguka nyumba, wakaingia kwenye shamba la muhogo la nyuma, wakalala chini kati ya mashina. Mathilde alikuwa hana viatu. Mtoto aliona hilo kwanza. Akafungua furushi, akatoa sandali, zile sandali, akamvalisha mguu wa kulia, akamvalisha wa kushoto, akafunga.

Furushi lilikuwa limefungwa kwa kitenge chenye doa la mawese. Ndani yake mlikuwa na chumvi kwenye kifuko, nusu za muhogo zilizokaushwa juu ya moto, na kadi ya uchaguzi iliyozungushiwa plastiki ili mvua isiiharibu. Picha, nguo, kiatu: vitu vitatu vimekutana. Mathilde alijitazama mikono, maana desturi ya shaka haifi kwa siku moja. Haikukauka. Ilikuwa na udongo tu.

"Uliziweka wapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwa uchaga ya kuni, juu ya moto. Weye goti inakuuma, hupandi kule."

"Sababu gani hukuniambia?"

Mtoto alikuwa akitazama njia, si yeye. "Ungesema vita imekwisha. Mama naye alisema vile. Alisema imekwisha, tukafungua furushi, tukatandika nguo. Wakati walikuja, tulikimbia sisi wawili, tukafika kwa shamba. Akasema, njiani watatuomba karte, bila karte watatuua. Akasema, ningojee hapa, narudia karte." Akalivuta furushi kifuani. "Nilingojea, mama mukubwa. Nilingojea mupaka watu walinivuta kwa nguvu."

Swali lililokuwa limeota mizizi tangu siku ya kwanza likang'oka lote, na lilipong'oka liliuma. Huyu alitokaje na mama yake asitoke! Mathilde aliuficha uso wake kwenye udongo. Alipouinua, palikuwa na jambo moja bado, na ilimbidi aliulize. Yeye ni Mama Kontrole.

"Na pumba? Kwa nini unaruka pumba?"

Esther-Divine alimgeukia akishangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini watu hula kwa mdomo.

"Si ni vile inafanywa? Mama alikuwa anaweka kwa mulango kila siku. Alisema ni muchezo ya kwenu ya porini. Wa nyumba anaruka, mugeni anakanyaga. Tukikanyaga sisi, tutajuaje ya mugeni?"

Na hapo Mathilde akamsikia baba yake. Miaka yote ile alikuwa hajamsikia. Wa nyumba anaruka! Baba akiwashika mikono asubuhi, mmoja mmoja, kaka yao mkubwa akiruka kwa madaha, Francine akianguka kwenye majivu na kuzomewa, na yeye Mathilde akicheka. Alikuwa amecheka porini. Kichwa chake cha miaka kumi na minne kilikuwa kimeishika ile alama ya buti na kuutupa mchezo, na Francine mdogo aliuokota, akaubeba mpaka Salamabila, akampa mwanawe. Na mwanawe, tangu siku ya kwanza alipopewa ufunguo, alikuwa akiingia katika nyumba ile kama mtu wa nyumba.

Vicheko vikasikika barabarani. Mtu alikuwa akipiga kelele kwamba ni tairi, ni tairi jamani. Lori lililokuwa limehangaika majuma kwenye matope kutoka Kindu lilifika salama na kuchagua kupasua tairi zake mbili mbele ya soko. Watu walianza kurudi wakitukanana kwa furaha. Mathilde na mtoto wakasimama, wakajipangusa majani. Hervé naye akarudi, akisukuma pikipiki, kichwa chini. Alimwona Mathilde na mtoto pembeni ya nyumba, na kwa kuwa alitaka mtu yeyote azungumze chochote isipokuwa mbio zake, aliuliza:

"Sasa, mama, tunaenda? Au Salamabila tunaacha mupaka kesho?"

Esther-Divine alimtazama Hervé. Akautazama mpira wa mizigo, akamtazama mama yake mkubwa usoni, na hakuna aliyelazimika kumwelezea. Hakulia. Alipiga magoti, akalifunga furushi upya, fundo juu ya fundo, akamkabidhi Mathilde.

"Karte yako iko upande wa juu," alisema. "Usiisahau."

Kisha akainama kukaza sandali zake, kama mtu wa safari.

Kuna aibu inayomfanya mtu aseme mengi, na kuna ile inayomnyima hata neno. Mathilde alisimama na lile furushi mikononi. Alilitazama, akaona kwamba ndani yake kila kitu ni chake yeye. Cha mtoto hakuna hata kimoja.

"Hervé, enda kwako," alisema. "Hakuna safari." Akaketi chini pale pale kwenye udongo, mwanamke mzima, akaushika mguu wa yule mtoto kabla sandali haijakazwa. "Nilikuogopa, Esther. Mutoto wangu, nilikuogopa weye. Nilisema unataka kuniua. Nisamehe."

Mtoto hakusema amesamehe. Alibaki ameinama muda mrefu, mguu wake ukiwa mikononi mwa mama mkubwa, wala hakuuvuta.

Jumapili asubuhi walijiandaa kwenda misa. Mathilde alipanda mwenyewe kwenye uchaga wa kuni, goti likilalamika, akaweka ndani ya furushi gauni la Esther-Divine, sabuni yake na daftari lake la shule, akalirudisha pale pale juu. Mtoto alimtazama toka chini, mdomo wazi. Alikuwa amelala na sandali usiku ule pia, na angelala nazo siku nyingi zaidi, na Mathilde hakumvua. Kwa Laura alikusudia kurudi kumsikiliza vizuri, ingawa bado alitaka kujua analipwa na nani.

Akafunga mlango, akanyunyiza pumba, akazisawazisha. Walikuwa wamekwisha kufika barabarani alipokumbuka rozari. Akarudi. Akazitazama pumba zake, akakamata kitenge kwa mikono miwili, akaruka. Alitua vibaya, akagonga bega kwenye mlango, akamtaja Bikira Maria kwa namna ambayo si ya sala. Nyuma yake alisikia sauti asiyoijua, nyembamba, yenye kukwamakwama. Ilikuwa ya Esther-Divine, anacheka.

Jioni Mathilde alichuchumaa mlangoni kama kawaida yake. Asubuhi ile mlango ule ulikuwa umepitwa, mara ya kuingia na mara ya kutoka, na kwenye pumba hapakuwa na unyayo wa mtu. Alizisoma kutoka upande huu hadi upande ule, akaridhika, akamwambia mtoto apite kwanza.